Uso Nyuma ya Ripoti ya Mpira

3 Machi

Kwa Mtunza wa Makaratasi ya Zamani,
Chumba cha Nyaraka za Mkoa

Shikamoo, au habari yako, chagua inayokufaa. Sijui umri wako na sitaki kukukosea kabla hatujafahamiana.

Ijumaa iliyopita nilipanda basi la alfajiri mpaka ofisini kwako. Mlinzi akaniambia maombi yote ni kwa maandishi. Nikamwambia, kaka, si nimesimama hapa mzima mzima na mdomo ninao? Akanijibu, basi huo mdomo ukauandike. Ndiyo nauandika.

Mimi ni muuza chupa. Naziokota, naziosha, nabandua lebo, nauza. Za dawa, za sosi, za manukato, hata za wino ninazo. Mjini kwetu ukiuliza Chupa, hata askari wa barabarani anakuonyesha nilipo, na anakwambia umsalimie. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mwandiko wangu ukikukimbia, ukimbize taratibu.

Shida yangu ni gazeti. Miaka thelathini na moja iliyopita tuliishi huko kwenu, nyumba za nyuma ya kiwanda cha nyuzi. Kaka yangu alikuwa na kibarua hapo, umri wake miaka kumi na minane. Jumanne moja wafanyakazi waligoma wakaenda kusimama darajani, naye alikuwemo. Hajarudi mpaka leo. Hakuna kaburi, hakuna salamu, hakuna hata mtu wa kusema nilimwona mahali fulani.

Ijumaa yake jirani yetu, fundi cherehani, akaja mbio kwa mama: mwanao nimemwona kwenye gazeti la mteja, la juzi Jumatano, ukurasa wa tatu, yuko mbele kabisa! Mama akatoka hivyo hivyo, bila viatu, kulitafuta. Kila aliyemuuliza alikuwa ameshalifungia kitu. Jumatatu askari wakapita kwa mawakala kuzoa yaliyobaki. Sisi nyumbani hatuna picha ya kaka hata moja, hata ya kitambulisho.

Sasa sikia kwa nini mama anaitaka. Asubuhi ile waligombana. Kaka alivaa viatu vya marehemu baba bila kuomba, mama akamzaba kibao mbele za watu. Akatoka amenuna, viatu miguuni, hakuaga. Basi. Mama hatafuti haki wala nini. Anataka kumwona usoni ajue kama alinuna mpaka mwisho, au ilikuwa imeshamtoka. Ana jicho moja tu linaloona, na daktari anasema hilo nalo linafunga duka kabla mwaka haujaisha.

Mimi siku hizo nilikuwa darasani naimba jedwali la kuzidisha. Sikuona kitu.

Mama hajui kusoma, barua zote namsomea mimi. Kwa hiyo ukinijibu, jua unaongea na bibi wa miaka sabini na tano aliyekaa kitako kitandani na kanga mabegani. Usimtishe na lugha ya serikali.

Wako,
Chupa, kitindamimba wa mama


17 Machi

Ndugu Chupa,

Barua yako ya tarehe 3 Machi imepokelewa.

Magazeti ya mwaka unaoutaja yamejalidiwa na yako rafu ya sita. Nimekagua jalada husika. Katika wiki ya mgomo linaruka kutoka Jumanne kwenda Alhamisi. Gazeti la Jumatano halimo, na nyuzi za jalada zinaonyesha lilitolewa kwa wembe. Hatuna nakala nyingine.

Nasikitika kwamba ofisi hii haiwezi kukusaidia zaidi.

Mtunza Nyaraka

(Mama, shikamoo. Nimeangalia kwa macho yangu, si kwa kusikia. Pole sana.)


25 Machi

Dada Mtunza,

Sasa nimejua wewe ni dada. Mwanamume hawezi kuandika kitu kizuri halafu akakificha kwenye mabano.

Nimemsomea mama. Hiyo ya juu nilimsomea kwa sauti ya mkuu wa wilaya, akacheka. Ya kwenye mabano nilimsomea kawaida, akaniambia rudia. Nikarudia. Halafu akaichukua bahasha akaipima kwenye kiganja kama muuza nyama. Hiyo ndiyo tabia yake, kila bahasha lazima aipime. Akasema, "Huyu amechoka kutafuta au amechoka kazi?" Nikamwambia mama, mtu wa mshahara huwa amechoka vyote viwili.

Dada, usifunge faili. Hebu fikiria kama mimi. Gazeti zima limekatwa kwa wembe, sawa. Lakini watu si huwa wanakata vipande wanaweka? Mmoja kakata tangazo la msiba, mwingine harusi ya binamu. Gazeti lile karatasi yake ya ndani ilikuwa hivi: mbele ukurasa wa tatu, picha juu kushoto. Nyuma yake ukurasa wa nne, mpira mtupu. Ukimpata mpenda mpira wa zamani aliyekata habari ya mechi kwenye gazeti la Jumatano ile, amemkata na kaka bila kujua. Wewe si unayo masanduku ya marehemu? Mlinzi wako aliniambia watu wakifa watoto wao wanakuletea makaratasi ili wapangishe chumba.

Mimi chupa yenye lebo ya dawa ya kikohozi huwa sisomi lebo. Naangalia nyuma kuna nini.

Mama anakusalimu. Anasema kama una watoto, watoto hawajambo? Kama huna, wewe mwenyewe hujambo?

Chupa, kitindamimba wa mama


14 Aprili

Kaka Chupa, na mama,

Sina watoto. Mwenyewe sijambo, ahsante mama.

Nimefungua masanduku kumi na saba ya watu binafsi. La kumi na nane ni la mwamuzi wa mpira. Hapa tunamwita Refa. Alikufa miaka tisa iliyopita, binti yake akatuletea albamu nne. Sikuwahi kuzisoma. Humo Refa amebandika kila habari ya gazeti iliyomtukana. Kila moja! Pembeni amejibu kwa kalamu nyekundu: "Uongo." "Aliotea, hata mama yake anajua." "Huyu mwandishi shemeji yake ni golikipa." Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Albamu ya pili, karatasi ya kumi na moja, kuna ripoti ya mechi ya Jumanne ile. Imeandikwa kwamba Refa alitoa penalti ambayo hata kipofu asingeitoa. Kona ya chini imebanduka kiasi cha ukucha. Niliinua kwa kibano. Nyuma yake kuna chembechembe za picha, mkono wa mtu umeshika chuma, na maneno haya: "...wa kiwanda cha nyuzi wakiwa darajani jana..."

Mama, yupo. Yuko nyuma ya penalti.

Tatizo ni kwamba imebandikwa kifudifudi kwenye kadi nene nyeusi. Mwanga haupenyi. Nimeiweka dirishani, nimeiweka juu ya taa, hakuna kitu. Lazima ibanduliwe, na kubandua waraka wowote kunahitaji kibali cha mkuu wangu aliye makao makuu. Nimemwandikia leo. Mwaka jana nilimwomba kibali cha kuhamisha kabati, jibu lilikuja baada ya miezi saba.

Kaka, umejuaje kwamba picha ilikuwa juu kushoto na mpira ulikuwa nyuma? Mtoto wa darasa la tatu huwa hasomi gazeti.

Dada yenu, Mtunza


21 Aprili

Dada,

Tumelia, tumecheka, tumelia tena. Mama amesema Refa apate raha huko aliko, hata kama penalti haikuwa halali. Ametoa kanga mpya sandukuni anataka aivae siku picha inafika. Nimemwambia mama, si posa hiyo. Akaniambia nyamaza, wewe mwenyewe hujaleta posa mpaka leo.

Kuhusu nimejuaje, aah, magazeti yote ya zamani yalikuwa hivyo hivyo. Kichwa changu kina takataka nyingi.

Sasa nisikilize. Miezi saba mama hana. Wiki iliyopita alinyoosha mkono achukue kikombe akashika hewa. Nikajifanya sijaona, naye akajifanya hajakosa.

Dada, kubandua ndiyo kazi yangu. Miaka ishirini nabandua lebo, sijachana hata moja, naapa. Kuna mzee wa duka la dawa huwa anachukua chupa kwangu na lebo kwangu, kila kimoja mbali, lebo nzima kama imetoka kiwandani. Siri ni hii. Maji ya moto, lakini yale ambayo kidole kinavumilia. Siki, kijiko kimoja kwa kikombe. Usimwage. Lowesha kitambaa, kiweke juu, acha robo saa. Usikwangue! Wote wanaoharibu ni kwa kukwangua. Lebo ni kama mgeni aliyekaa sana, ukimsukuma anaweka kinyongo, ukimwacha anachoka mwenyewe anaaga. Ukiona kingo zinajikunja, shika kona mbili, vuta kuelekea kwako taratibu, kama unamvua mtoto aliyelala shati.

Ningekuja kufanya mwenyewe, lakini mlinzi wako ataniambia niandike.

Sikulazimishi. Ila mkuu wako hana mama mwenye jicho moja linalofunga duka.

Chupa, kitindamimba wa mama


6 Mei

Kaka Chupa,

Jibu la makao makuu bado. Ninaendelea kufuatilia.

Mvua hapa zimekuwa nyingi. Mnisalimie mama.

Mtunza


15 Mei

Dada,

Barua yako ilikuwa fupi mpaka mama alipoipima akasema hii haina mtu ndani. Nikamwongezea ya kwangu. Nikasoma kwamba unasema tuvute subira, mkuu ameonyesha dalili nzuri, na kwamba umeota ndoto picha imetoka safi. Nisamehe, nimekuotesha ndoto bila ruhusa.

Jicho limeanza kwenda. Ananijua kwa miguu. Asubuhi ananiambia, njoo hapa kwenye mwanga, ananishika kidevu, ananigeuza huku na huku. Jana kaniambia, "Mlifanana pua. Kwingine nimesahau. Chupa, mwanangu, nimesahau." Nikamwambia, mama, kama ni pua hii basi alikuwa na bahati mbaya. Hakucheka.

Kama mkuu amekataa, niambie. Kama kuna lingine pia niambie. Mimi nimezoea chupa kuvunjikia mkononi.

Chupa


2 Juni

KARATASI YA MAMA

Mama yangu, shikamoo.

Samahani kwa kukuchelewesha. Picha yenyewe haiwezi kutoka, gundi ya zamani imeishika mno. Lakini mimi nimeiona. Wako vijana watatu nyuma ya chuma cha daraja. Wa mbele amegeuza kofia kisogoni. Shati limefungwa vifungo vyote isipokuwa cha juu. Pua yake kama ya Chupa.

Mama, alikuwa anacheka. Hakuwa amenuna hata kidogo. Alikuwa na uso wa mtu ambaye jioni anarudi nyumbani.

Nimeona nikwambie mimi mwenyewe.

Mwanao, Mtunza

KARATASI YA CHUPA, USIMSOMEE MAMA

Kaka, nilifanya. Tarehe 28 Aprili, wenzangu walipokwenda kula. Sikungoja kibali. Barua yangu ya tarehe 6 Mei ilikuwa ya uongo.

Nilifuata ulivyosema. Kidole, siki, kitambaa, robo saa. Sikukwangua. Ikajikunja yenyewe, ikatoka, nikafurahi mpaka nikasema jina la Mungu kwa sauti. Nikaigeuza. Wapo, watatu. Nimemwona kaka yako kwa muda wa kuvuta pumzi mara tatu.

Kaka, lebo ni karatasi ngumu, gazeti si karatasi ngumu. Na gundi ya Refa ni ya unga aliyoipika mwenyewe, ilikuwa imeingia mpaka ndani. Upande wa picha ulikuwa umegeuka uji. Nilitaka tu kuukausha. Nikaweka kitambaa kikavu juu, nikakinyanyua, na nyuso zikanyanyuka nacho. Nilipojaribu kurudisha nikazivuruga. Nimebaki na kitambaa cheusi na ripoti ya mpira. Ripoti ni nzima, kila neno linasomeka. Penalti ile naijua kwa moyo sasa.

Nikuambie nilichoona kweli. Kofia, kweli. Vifungo, kweli. Pua sijui, niliiandika kwa ajili ya mama. Mdomo ulikuwa wazi. Mtu anayecheka mdomo huwa wazi. Anayepiga kelele pia. Anayeomba asipigwe pia. Nimefumba macho kila siku tangu siku ile nikimtafuta, na sasa hata ile pumzi ya tatu imeanza kunitoka.

Nimejiripoti mwenyewe kwa mkuu, kwa maandishi. Sijui watanifanyaje. Hapo chini nimekuwekea sanduku langu la posta la nyumbani. Kwa jambo hili nijibu huko, si ofisini.

Usijilaumu kwa siki. Mikono ilikuwa yangu.

Mtunza


12 Juni

Dada,

Hii naituma ofisini kwako makusudi. Utaelewa mwishoni.

Mama aliipima bahasha akasema leo nzito. Nikamsomea karatasi yake. Nilisoma vizuri, dada, nilitia sauti, hata pale pa jioni anarudi nyumbani sikukwama. Alisikiliza amefumba lile jicho. Nikamaliza. Akauliza, "Na viatu?"

Nikasema viatu vipi, mama.

"Alikuwa amevaa viatu vya baba yenu?"

Nikasema picha imeishia kiunoni, mkasi wa Refa ulipita hapo. Nilibuni. Labda ni kweli.

Akasema, "Vile viatu vilikuwa vinampwaya. Tangu anatoka mlangoni alikuwa anaangalia chini asijikwae. Asingekuwa anacheka darajani." Akaongeza, "Huyo dada ni mtu mwema. Mwambie ahsante." Akageukia ukutani. Kanga mpya ameirudisha sandukuni mwenyewe, kwa kupapasa. Tangu hapo hajamtaja kaka. Miaka thelathini na moja hakuna siku iliyopita bila kumtaja, na sasa siku ya nne hii.

Unasema nisijilaumu kwa siki. Siki ni mzigo mdogo. Hebu nikupe mkubwa.

Uliniuliza nimejuaje picha ilikuwa juu kushoto. Sikuwa darasani. Nilikuwa na miaka kumi na shule nilikuwa nimeiacha mwezi mzima mama hajui. Natoka asubuhi na daftari, nalificha chini ya kalvati, nakwenda kwa wakala mmoja aliyekuwa uchochoroni nyuma ya uwanja wa mpira. Alikuwa anatumia watoto. Jumatano ile niliuza magazeti mengi kuliko siku zote. Nilikuwa napiga kelele "Penalti ya wizi! Penalti ya wizi!" maana kichwa hicho ndicho nilichoambiwa nikipigie kelele. Hatukujua bado kama kaka amepotea, mara nyingi alilala kiwandani. Nilikuwa nayapepea yale magazeti juu, yanafunguka, picha juu kushoto, watu darajani. Sikutazama. Nilikuwa natafuta wateja. Nimeuza uso wa kaka yangu kutwa nzima huku naimba. Pengine hata Refa alinunua kwangu.

Hilo ningeweza kuishi nalo. Mtoto ni mtoto. Ngoja nimalize.

Jioni nilirudisha mabaki kwa wakala. Saba. Aliyatupa juu ya kabati mbele yangu. Ijumaa jirani alipokuja mbio, mama akatoka miguu mitupu, mimi nilikuwa pale mlangoni. Nilijua yalipo. Saba, juu ya kabati, dakika ishirini kwa miguu. Na mama hakumjua wakala yule, mtaa mzima hakuna aliyemjua isipokuwa sisi watoto.

Nilikaa kimya. Ningesema, angejua siendi shule, na mkono wa mama nilikuwa nimeuona Jumanne kwenye shavu la kaka. Nikasema Jumamosi nitakwenda kimyakimya nichukue moja, nijifanye nimeliokota. Jumamosi wakala alifunga. Jumapili alifunga. Jumatatu nikaenda, nikakuta askari wanatoka na magunia.

Mama amelitafuta miaka yote hiyo. Mimi nimekuwa nikimsindikiza. Nimemshika mkono kwenye ofisi ngapi, naulizia kwa sauti ya juu kuliko yake. Na vichekesho vyote hivi unavyovisikia, dada, vilianzia pale. Nilikuwa mtoto mkimya, muulize mama.

Sasa ombi langu. Pale kwenye albamu ya Refa, karatasi ya kumi na moja, pamebaki wazi. Iweke barua hii hapo. Sitaki ijibiwe, nataka ikae mahali pasipo mama, penye kufuli, na mtu wa kuitunza. Nimeibeba peke yangu vya kutosha.

Chupa


10 Julai

Kwa Chupa,

YAH: KUREJESHWA KWA BARUA YAKO YA TAREHE 12 JUNI

Mtunza uliyemwandikia hayupo tena katika ofisi hii.

Ombi lako limeshughulikiwa na limekataliwa. Ofisi haipokei waraka wa mtu asiyetaja jina lake kamili. Aidha, albamu uliyoitaja ipo chini ya uchunguzi na imeondolewa rafuni.

Barua yako, karatasi tatu, inarejeshwa pamoja na hii. Ukipenda kuomba upya, jaza fomu iliyoambatanishwa kwa herufi kubwa.

Kaimu Mtunza Nyaraka


24 Julai

Dada,

Naandika kwenye sanduku lako la nyumbani. Sijui kama bado unalo, sijui kama una kazi. Pole. Najua pole yangu haijazi kibaba, lakini ndiyo niliyonayo.

Barua yangu ilirudi Jumanne. Mimi nilikuwa sokoni na mkokoteni. Mtu wa posta alimkabidhi mama mkononi. Si unajua tabia yake, akaipima. Mwalimu wa chekechea, mpangaji mwenzetu, ndiye aliyenisimulia. Anasema mama aliishika muda mrefu, halafu akabisha ukutani kumwita. "Mwanangu, njoo unisomee. Hii ina mtu ndani."

Mwalimu akamsomea. Yote. Ana sauti safi yule binti, anasoma kwa vituo, ndivyo walivyofundishwa. Hakujua ni nini anakisoma mpaka alipofika kwenye saba, na mama akamwambia usinyamaze, endelea. Akaendelea mpaka kwenye fomu ya herufi kubwa.

Niliporudi nilimkuta amekaa kitako, kanga mabegani, karatasi tatu zimekunjwa vizuri mapajani. Nikaingia na makelele yangu, nikasema mama leo nimekuletea chupa ya manukato, imebaki harufu tu lakini harufu ndiyo yenyewe. Akasema, "Ijumaa yalikuwa bado yapo?"

Nilisimama na ile chupa.

Nikasema yalikuwepo, mama.

"Saba?"

Saba.

Akasema, "Funga dirisha." Ilikuwa saa sita mchana na joto linaunguza. Nikafunga.

Hajanipigia kelele, dada. Nilipiga magoti nikamwambia nipige, lile kofi langu la miaka yote hiyo nipe leo. Mkono wake ulikuwa juu ya karatasi, haukutikisika. Hajakataa kula. Hajasema niondoke. Ananiambia kila kitu kama kawaida, isipokuwa neno moja. Miaka yote ananiita Chupa au mwanangu. Sasa ananiita bwana. "Bwana, nipe maji." "Bwana, jua limezama?" Nikimwekea kikombe mkononi anasema, "Ahsante, bwana," kwa adabu kabisa, kama ninavyomsikia akimshukuru mtu wa posta.

Jicho limefunga Jumamosi. Sikumwambia mtu, naye hakuniambia. Nilijua kwa sababu hanishiki tena kidevu.

Jana nilijaribu. Nilimwambia habari ya mzee wa duka la dawa aliyebandika lebo ya kikohozi kwenye mafuta ya taa. Zamani kwa hiyo angeshika mbavu. Alingoja nimalize. Akasema, "Umemaliza, bwana?"

Dada, usinijibu barua hii. Masikio yake bado yako sawa, na bahasha anaisikia ikichanika hata akiwa usingizini.

Chupa